Aliyefunga Ndiye Apandaye

Nuru mjukuu wangu, wewe na wenzako mlioajiriwa juzi pale uwanjani kwenye ndege za mizigo, mlikuja hapa Tudor Ijumaa, mkala biriani yangu, mkanywa na sharubati, kisha mkanicheka. Ati siku hizi mzigo hujipanga wenyewe kwenye kompyuta. Ati karani abonyeza tu. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa wageni, na mgeni hasutwi na tonge kinywani. Lakini nilikuuliza neno moja, Nuru: baada ya kompyuta kupanga, nani afunga? Ukaniambia, "Kuna watu wa kandarasi, nyanya." Majina yao? Hujui. Wapanda na mzigo wao? Mkatazamana, mkacheka tena. Sasa mmeshakwenda zenu, nami nimekaa hapa roshani kwa baba yako natazama ndege zikishuka ng'ambo ya maji, na roho yaniuma. Nasema ndani ya simu hii, msikilize mkipata nafasi. Msipoipata, shauri yenu.

Kampuni yetu jina lake silitaji, maana waliokuwa nayo wengine wangali hai na wana watoto. Ilikuwa ndogo. Ndege mbili kuukuu za pangaboi, bohari moja la mabati lenye joto la kuoka mkate, na watu waliojuana mpaka majina ya mama zao. Tulibeba chochote. Samaki wa barafu, dawa za hospitali, injini za boti, sofa za harusi, vifaranga wanaopiga kelele mpaka rubani atia pamba masikioni. Na sana sana unga na mafuta ya kupikia, vya kupelekwa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kwa watu waliokimbia vita. Kila asubuhi nilitoka nyumbani kwetu Kibokoni kwa miguu mpaka Mwembe Tayari, nikapanda gari, nikalipita jaa la Kibarani nimejiziba pua na mtandio. Siku hizi pale wamepanda miti, watu wakaa kupunga upepo. Zamani kulikuwa na moshi na makorongo, wale ndege warefu walao taka, na hao makorongo ndio waliokuwa wakiwatoa marubani jasho, kwa kuwa korongo mmoja akiingia kwenye injini, mmekwisha.

Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo na kusema kila kitu kikae wapi ndani ya ndege. Msidhani ni ajabu. Mamangu aliuza mahamri, na tangu udogo nililibeba sinia kichwani kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Mahamri yakielemea upande mmoja, shingo yakwambia kabla ya jicho. Ndege ni hivyo hivyo. Kizito kikae katikati, juu ya mbawa, ambapo hapatikisiki sana. Chepesi kiende mbele na nyuma. Samaki watandikiwe nailoni nzito, kwa maana maji yao ya chumvi hula sakafu ya ndege kimyakimya. Gunia la unga hukaa, na likisha kukaa kamba hulegea, basi usiwe na pupa, liache litulie kwanza ndipo ufunge. Haya hata kompyuta yenu yayajua, nakubali. Isilolijua ni kama kamba imekazwa.

Hilo alilijua Mzee Katana.

Mzee Katana alikuwa mkuu wa mahamali wetu, wale wapakiaji. Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo asiyekosa kanisa, miguu matege, mswaki wa mti kinywani kutwa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku yangu ya kwanza kazini alinitazama na buibui langu, akasema, "Huyu naye aja kupanga ndege au kupanga maua?"

Nikamwambia, "Naja kukupanga wewe, ukae nyuma na mbolea."

Akacheka mpaka mswaki ukamdondoka. Tangu hapo tukawa ndugu.

Alikuwa na sheria yake, ambayo hata wenye kampuni waliikuta na kuiacha: aliyefunga mzigo ndiye apandaye nao. Mlango wa ndege haukufungwa mpaka Katana asimame pale chini na kuuliza kwa sauti, "Nani kafunga?" Aliyefunga ajibu, "Mimi!" Naye amwambie, "Basi panda." Hamali huyo ataingia, atakaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya marubani, na njia nzima atakuwa akiutazama mzigo wake, kwenda na kurudi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katana aliyajua hayo, ndiyo maana hakutaka mzigo uwe wa mwenzio. Mtu hufunga vizuri akijua kwamba yale mapipa ya mafuta yakikata kamba yatamwangukia yeye. Na siku ambazo Katana mwenyewe ndiye aliyefunga, alisimama pale pale chini, akajiuliza kwa sauti, akajijibu kwa sauti, akajiamuru kupanda, nasi tukicheka kila mara kama hatujawahi kuyaona.

Tulikosea pia, msije mkadhani tulikuwa malaika. Mlango wa ndege zetu ulikuwa nyuma, na wakati wa kupakia husimamishwa nguzo ya chuma chini ya mkia, tukiiita mkongojo, ili mkia usilemewe. Sasa, Ijumaa ilikuwa na desturi yake. Mahamali Waislamu walipakia asubuhi, adhana ikikaribia wakaenda zao msikitini, na Wakristo wakashika zamu. Jumapili ikawa kinyume chake. Ijumaa moja wetu waliutoa mkongojo ili wausogeze vizuri, adhana ikawakuta, wakaulaza chini wakisema wenzetu watausimamisha. Wenzao wakaja, wakasema bila shaka umesimamishwa, Waislamu hawaachi kazi nusu. Kila upande ulimheshimu mwenzake hata hapana aliyeinama kutazama. Yakaingia magunia ya sukari, moja baada ya moja, mpaka ndege, taratibu, kwa adabu zake, ikainua pua juu na kuketi kitako. Kapteni alikuwa ndani anakunywa chai. Alitoka na ile chai yote kifuani.

Nilidhani Katana atatoa matusi ya kwao yote. Hakumkaripia mtu. Alitungoja tukusanyike, waliotoka kuswali na wasioswali, akasema, "Mwaaminiana sana. Punguzeni." Akaenda zake kutafuta mafuta ya kulainisha mkongojo.

Mimi alinifundisha kufunga, ingawa haikuwa kazi yangu. "Karani asiyejua kufunga," alisema, "apanga ndoto." Wakati wa joto la mchana, kazi ikiwa imelala, alinikalisha mbele ya mapipa matupu na kamba. Pitisha, rudisha, egemea kwa uzito wako wote, funga. Kisha ipige kamba kwa kiganja. Ikikaa kimya, imelegea. Lazima ijibu. Na fundo alilonifundisha lilikuwa lake mwenyewe, hukaza safari nzima, halafu hufunguka kwa mvuto mmoja, ikiwa wajua ncha ipi ya kuvuta. Nilipofunga fundo la kung'ang'ania, la kukatwa kwa kisu, alinifyonya. "Fundo lisilofunguka si fundo, Bi Zuhura. Ni ujeuri."

Nilijua kufunga kama hamali yeyote, lakini mzigo wa kweli sikufunga. Ningefunga, angeniuliza nani kafunga, nami ningelazimika kupanda. Na mimi, wanangu, naogopa hata ngazi ya kufikia dari. Miaka yote ile ya kuzipanga ndege sikuwa nimeingia angani hata mara moja. Mahamali walinitania, "Bi Zuhura apika asichokula." Nawaambia, "Na nyinyi mwala msichopika, haya tokeni hapa."

Kisha biashara ikakauka. Waliokuwa wakitupa mizigo wakapata makampuni makubwa yenye ndege kubwa. Sofa zikaenda kwa lori. Akaja meneja mpya, kijana wa watu, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Msinitake nimtukane, kampuni ilikuwa yamfia mikononi. Alitafuta pa kubana kila mahali, na siku moja akakiona kile kiti cha kukunja. Mtu na kiti chake ni uzito, alisema, na uzito huo waweza kuwa mzigo wa mteja. Ndege zetu zilikuwa zikirudi tupu kutoka kaskazini. Yeye akampata mteja wa ngozi za mbuzi, za kuletwa huku Mombasa. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile mahamali hawapandi tena, na atakayepanda hana kazi.

Tangazo lilitoka Katana akiwa angani. Asubuhi ile ile alikuwa amefunga unga, akajiuliza, akajijibu, akapanda. Ndege ilipotua kule, kapteni akapewa amri kwenye redio: pakia ngozi zote, mtu abaki, atarudi safari ijayo. Kapteni alinisimulia baadaye kwamba alibishana mpaka sauti ikamkauka. Katana ndiye aliyemtuliza. Alimwambia, "Nenda, Kapteni, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu. Nitarudi na ijayo." Akazifunga zile ngozi kwa mikono yake, kamba zikajibu, akashuka. Katika maisha yake yote, huo ndio mzigo mmoja alioufunga asiupande.

Zilipofika hapa mimi ndiye niliyezipima. Zanuka, nzi wamezijaa, na kiti cha Katana kimekunjwa ukutani kwa kuzipa nafasi. Nilikwenda kwa meneja nikasema maneno ambayo sitayarudia kwenye simu ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni siku chache tu, Bi Zuhura."

Safari ijayo haikwenda. Mvua ilishuka kule kaskazini, kiwanja kile cha udongo kikawa tope, hapana ndege ingeweza kutua. Katana akalala kwenye hema la kuwekea unga. Redio ikasema yuko salama. Kisha ikasema ana homa. Kisha ikasema homa imezidi. Dawa za homa zilikuwepo, wanangu. Zilikuwa hapa bohari kwetu, kwenye maboksi, nimezipima mwenyewe, zangoja kiwanja kile kile kikauke. Nilizipita kila nilipokwenda kunywa maji.

Mkewe, Mama Kadzo, alikuwa akija kila asubuhi kuketi kwenye benchi letu kuuliza habari. Mwanamke mrefu, mkimya, leso mabegani. Siku kiwanja kilipokauka tulikuwa tumeshapakia ndege, maboksi ya dawa yako mlangoni kabisa, ndipo redio ikasema Katana amekufa alfajiri. Mahamali wakavua kofia. Nikasema inna lillahi, kwa kuwa sikuwa na maneno mengine, nikaenda kwenye benchi kumwambia.

Hakupiga ukemi. Aliniuliza neno moja tu, "Yuwaja na nani?"

Alikuwa ameishi na sheria ile ndani ya nyumba yake miaka yote. Alijua kwamba mumewe hakuruhusu hata gunia la chumvi lije peke yake. Nikaenda kulitafuta jibu kwa meneja.

"Atafungwa na nani?" nikamwuliza.

"Watu wa kule watamfunga."

"Na nani apanda naye?"

Akajifunika uso kwa viganja. "Hapandi mtu, Bi Zuhura. Atakuja nyuma, pamoja na ngozi. Nikimruhusu mmoja leo, kesho watapanda wote. Nielewe, mama."

"Mwanangu, ulimpa mbuzi kiti chake. Sasa wataka arudi chini ya mbuzi?"

Nikatoka nje. Mahamali walikuwa wamesimama chini ya bawa, wametazama saruji, na siwalaumu, kila mmoja ana watoto nyumbani na tangazo walilisikia. Nilisimama nao. Nikasema moyoni, tangazo lataja mahamali. Mimi si hamali. Mimi ni karani.

Nikajifunga buibui kiunoni, nikapanda ngazi.

Hofu niliyoipata sitaki kuikumbuka. Nilikikunjua kile kiti, nikakishika kwa mikono yote miwili, ndege ikaanza kutetema, nikasoma kila sura niliyokuwa nayo kifuani. Zilipoisha nikaanza tena. Kupitia mlango uliokuwa bado wazi nilimwona meneja amesimama kwenye kivuli cha bohari. Angeweza kupunga mkono, ndege ikasimama. Hakupunga.

Kule walikuwa wamemtengenezea jeneza kwa mbao za masanduku yetu wenyewe, kwa sababu mbao nyingine hawakuwa nazo. Ubavuni ulikuwepo mshale wa rangi nyekundu na maneno UPANDE HUU JUU. Nilipouona ule mshale ndipo nilipolia. Mzee wa pale akaniomba radhi, ati walijaribu kuifuta rangi ikakataa. Nikamwambia hapana neno, baba, yeye mwenyewe angeucheka.

Ngozi zilikuwa zimepangwa chini ya jua, zangoja. Kapteni akaniuliza, "Twaanza nazo?"

"Twaanza naye. Akae katikati, juu ya mbawa."

"Zote hazitaingia, Bi Zuhura."

"Zisizoingia zikae hapa zingoje ya ijayo. Yeye alingoja."

Kapteni akawaita watu wa kule. Walimwingiza, nikawaonyesha mahali pake, pale ambapo ndege haitikisiki. Kisha nikachukua kamba. Watu wa kule walitaka kunisaidia, nikakataa. Nikapitisha, nikarudisha, nikaegemea, nikafunga. Nikaipiga kwa kiganja. Kimya. Nikafungua, nikaanza upya. Kapteni akachungulia, "Mama, jua lapanda. Hewa ikishika moto tutaruka kwa taabu." Nikamwambia angoje. Nikaweka goti ubavuni mwa jeneza, nikaegemea kwa uzito wangu wote, buibui limeloa jasho mgongoni, nikafunga. Nikapiga. Ikajibu.

Nilishuka kupata pumzi, watu wa kule wakipakia ngozi zilizoweza kuingia. Niliporudi mlangoni, kapteni alikuwa amesimama pale chini, mahali pa Katana. Maskini, alikuwa amelisikia lile swali kila siku ya kazi yake, na sasa ni zamu yake kuliuliza.

"Nani kafunga?"

"Mimi," nikasema.

"Basi panda."

Nilirudi kwenye kile kiti. Njia nzima sikutazama dirishani, sikusoma hata sura moja. Nilitazama kamba. Ndege ilipotumbukia kwenye mashimo ya hewa, zile ngozi huko nyuma ziliteleza zikalia, lakini yeye hakusogea hata upana wa kidole. Nikamwambia, Mzee Katana, waona, yangu imeshika. Nikamwambia na mambo mengine ambayo si yenu.

Tulipotua, wote walikuwepo. Mahamali, Waislamu na Wakristo, jamaa zake kutoka Kaloleni na gari lao, meneja pembeni, na Mama Kadzo mbele yao. Mlango ulipofunguliwa alinitazama mimi, akalitazama jeneza nyuma yangu, akaitikia kwa kichwa mara moja. Jibu lake alikuwa amelipata.

Hamali mmoja kijana akaruka ndani na kisu ili akate kamba upesi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na maiti alikwisha kungoja vya kutosha. Mama Kadzo akapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Msikate! Aliyemfunga amfungue."

Yule kijana akarudisha kisu mfukoni. Nikapiga magoti. Wanangu, nawaambia ukweli, niliomba lile fundo likatae. Nilitaka ling'ang'anie, livimbe kwa joto, ili nibaki nalo nikihangaika mpaka Magharibi, watu wangoje, na yeye aendelee kuwa mzigo wangu. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe vikaitafuta ile ncha. Nikaivuta.

Likafunguka kwa mvuto mmoja, vile vile alivyonifundisha. Kamba ikaanguka pande zote mbili, na meneja akaja akashika pembe moja ya jeneza, wakamwinua.